Malalamiko Kuhusu Upole wa Ghafla wa Shangazi

Kwa Shangazi yangu, fundi cherehani, mlezi wangu tangu baba alipofariki.

Shikamoo. Natumaini u mzima na macho hayakusumbui. Mimi ni mzima wa mwili tu. Kazi yangu ndiyo inayoumwa, na anayeiumiza, kwa heshima zote, ni wewe.

KUHUSU: KUSITISHWA KWA UGOMVI BILA TAARIFA

Shangazi, wewe ni shahidi kwamba nimekuwa dijei miaka mingi bila mtu kujua hata nafananaje. Napiga nyimbo za wenzangu, watu wanakunywa na kunipa mgongo. Ndipo siku ile nikaja kurekodi mlio wa cherehani yako, maana una mdundo ambao mashine zangu zote hazina. Nikaweka kinasa sauti juu ya kitambaa cha mteja. Mungu wangu! "We mtoto, umeoga wewe? Unalala mchana kutwa, halafu unaita hiyo kazi?" Na mguu wako haukuacha kukanyaga cherehani, kila neno likaangukia palepale pa mdundo.

Huo ndio ukawa wimbo wangu wa kwanza. Klabu ikapagawa. Ukiuliza kwenye spika "Umeoga wewe?", watu waliojipulizia manukato mpaka unapiga chafya wanajibu kwa furaha, "Badooo!" Nikawa mtu mbele ya watu. Sasa mwenye klabu anataka wimbo wa pili, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Na wewe ndiyo kwanza umekuwa mpole. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu wateja waanze kukuita Mama Klabu, hujanigombeza hata kidogo. Nilikuja na viatu vya tope nikakanyaga shela ya bibi harusi, makusudi. Zamani ningetoka hapo mbio. Wewe ukavifuta viatu. Viatu, Shangazi, siyo shela!

2. Nilipokuomba waziwazi unifokee, ulivaa miwani, ukasafisha koo, ukauliza "Niseme sasa?", kisha ukaiambia maiki, "Mwanangu kipenzi, hebu jitahidi kuoga." Kipenzi! Huo si wimbo, hilo ni tangazo la zahanati.

3. Nikakudanganya kwamba nimeoa kimyakimya, kinasa kikiwa kimewashwa mfukoni. Ukauliza kiuno cha mke wangu. Nikababaika, nikataja kipimo kilichonijia kichwani. Gauni limekwisha, ni zuri mno, na sasa nazunguka mjini kutafuta mwanamke wa kiuno hicho.

4. Kwa kukosa namna, nilimwendea mama mmoja muuza mkaa, ambaye kwa kufoka mtaa mzima unamvulia kofia. Sauti anayo, pumzi anayo. Lakini yeye alinitukana, Shangazi, hakunigombeza. Niliposikiliza studio sikufika hata nusu. Nikafuta yote.

5. Hili ndilo lililonimaliza nguvu. Juzi nilikueleza kwamba huenda nikafukuzwa klabu. Nilijua utapasuka: "Si nilikwambia!" Ilikuwa haki yako, na umeisubiri miaka. Wewe? Ukaniongezea mboga, ukarudi kushona. Huo ni ukatili, na sikutegemea kutoka kwa damu yangu.

Kwa hiyo naomba urejeshe ukali wako mara moja. Niite mvivu. Ilaani kazi yangu. Nilinganishe na binamu mhasibu, tena huyo hasa, maana akitajwa sauti yako inapanda vizuri. Ukikataa, sitakuwa na budi kukushtaki kwa bibi, mama yako mzazi, kwamba malezi yamekushinda: umepewa mtoto umfundishe adabu, wewe unampenda hadharani. Bibi bado ana pumzi, na atakufokea wewe. Mimi nitakuwa pembeni na kinasa.

Tafadhali nijibu kwa hasira.

Nisalimie nyumba nzima: bibi, watoto, binamu mhasibu na hesabu zake, mafundi wako wote, na yule bibi harusi. Mwambie tope hutoka.

Ni mimi mtoto wako, ninayeteseka kwa kubembelezwa,

Dijei

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, ujumbe wako wa sauti umeingia kwenye simu. Unasema wakinifukuza nisione haya, kitanda changu umeshakitandika. Unasema baba angeusikia ule wimbo angecheza mpaka aombe maji. Hapo cherehani imesimama kidogo, kisha ikaendelea. Nimeurudia mpaka simu ikaisha chaji. Mwenye klabu amekuja mwenyewe studio sasa hivi, anauliza kama nina chochote kipya cha Shangazi. Nimemwambia sina.