Simu Yangu Inaniita Bi Pindo

Jumatatu, 3 Machi

Maajabu! Nimefungua ile tovuti ya mafundi cherehani aliyoitengeneza binti yangu. Nikaweka jina langu na neno langu la siri, kila kitu sawasawa. Simu ikaniandikia: Karibu, Bi Pindo. Bi Pindo! Yule fundi ambaye dirisha lake linatazamana na langu, aliyenichukulia wateja wa shule nzima! Nikaifunika simu kwa kipande cha bitana. Nikafunua. Bado Bi Pindo. Wateja wake wote, vipimo vyao, picha za mitindo. Nikafunga haraka, mimi si mdaku.

Nimefungua tena kuhakikisha tu.

Jumanne, 4 Machi

Binti kaja, uso umemshuka, hata viatu hakuvua. Mafundi wanalalamika: mtu anaingia kwake, anajikuta kwa mwenzake. Yeye akijaribu ofisini haoni kosa lolote. Bosi kasema lisipopatikana hadi Ijumaa, atafute kazi kwingine. Akaniuliza, mama, kwako vipi? Nikajibu kwangu shwari. Mdomo umesema wenyewe! Kuna kola ya Bi Pindo nilikuwa sijamaliza kuinakili. Kesho nitamwambia. Nimemtilia mwanangu chai, nikazidisha sukari ili atulie.

Jumatano, 5 Machi

Sijamwambia. Lakini nimegundua njia: Bi Pindo akishika simu yake, nami nikabonyeza palepale, naingia kwake. Nimeshinda dirishani, sindano mkononi, uzi hakuna. Kola nimeipata. Halafu nikaona gauni la haraka, la mteja asiyeandikwa jina. Kiuno chembamba, jamani, kama shingo ya chupa! Huyu anakula kweli? Ana mama? Huruma ikanishika. Nikamwongezea inchi nne. Tovuti ikakubali! Nilishtuka, nikaizima simu, nikaificha ndani ya sufuria.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kaingia dukani ameshika gauni kiunoni kwa mikono miwili lisimdondoke. Nyuma yake Bi Pindo, anaapa kwamba vipimo vimejibadilisha vyenyewe. Mwanangu niliyemzaa! Kaenda kushonesha kwa Bi Pindo! Gauni la kusimama nalo kesho mbele ya bosi! Nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema, "Mama, wewe unanishonea nguo za kukulia. Mimi ni mtu mzima." Bi Pindo akacheka mpaka akaegemea cherehani yangu. Hasira ikanipanda, nikaropoka: ningejua ni wewe nisingeongeza nne, ningeongeza sita!

Nikangoja kelele. Badala yake binti akaliachia gauni, akanishika mabega, macho yanang'aa: mama, uliingiaje? Nikamwonyesha. Bi Pindo abonyeze, nami nibonyeze nyuma yake. Kosa likatokea mbele ya macho yake! Kumbe mtambo ulikuwa unabaki na kibali cha aliyetangulia, unamkabidhi anayefuata. Na ofisini alikuwa anajaribu peke yake. Nani angemfuata?

Amekaa sakafuni na kompyuta yake, gauni limemzunguka kama hema. Sikuthubutu kumwambia avae kitu cha joto. Nimemwambia mara moja tu.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imebaki! Kosa limezibwa. Kaenda kwa bosi gauni limebanwa kwa pini mgongoni, akasimama bila kugeuka hadi mwisho. Aliporudi akatuweka chini mimi na Bi Pindo kama watoto wadogo. Neno lako la siri usimpe mtu. Ukurasa wa mwenzako usiuguse. Tukaapa sote wawili. Mimi nikalia, Bi Pindo akanipa leso.

Jumamosi, 8 Machi

Simu inataja jina langu tu. Upweke gani huu! Mchana Bi Pindo kaja, anazungukazunguka, anasifia pazia langu. Mwisho akafunguka: naye wiki nzima alikuwa akiingia kwangu! Nilitaka kuanguka. Mwanamke mzima, anachungulia kazi za watu!

Basi, tukazungumza kwa upole. Akasema, "Shoga, tumezoeana sasa, tubadilishane maneno ya siri, na mtoto asijue." Wazo zuri. Nikamwandikia langu, lile la zamani ambalo halifungui kitu. Naye akaniandikia lake, akanikumbatia, akaondoka.

Mbio nikaweka lake. Limekataa. Nikarudia polepole, herufi kwa herufi. Limekataa!

Jamani! Mtu unaaminiana naye, anakukazia macho, anakudanganya mchana kweupe. Nimeshtuka sana.