Bustani ya Bure ya Papa Munguakonkwa

Florent hakuwa mwizi, na angechukia sana kuitwa hivyo. Mwizi hukimbia. Florent alitembea, tena taratibu, akiwa amevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa kuliko kitu chochote mtaani Mabanga, mjini Goma, ambako vumbi jeusi la volkano humpaka kila mtu rangi moja kabla jua halijapanda. Asubuhi hiyo alikuwa akipita zake kando ya ukuta wa Papa Munguakonkwa aliposikia mtu akiyatukana mawe.

Akachungulia. Papa Munguakonkwa alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake akiwa na pajama, simu mkononi, chungu kimoja cha maua miguuni. Ua wake wote ulikuwa lava tupu, vilima na mashimo na ncha kali zilizokwisha kumvunja kuku mguu. Kwenye simu, mwanamke wa nchi za mbali alikuwa akifundisha namna ya kujitengenezea bustani nyumbani kwa gharama ndogo, akichota udongo kwa kikoleo kidogo huku akitabasamu. Papa Munguakonkwa naye alikuwa amejaribu kwa kijiko cha jikoni. Kijiko kilikuwa pale chini, kimepinda.

Florent aliona mambo mawili kwa mpigo. Aliona mtu mwenye shida, na aliona pikipiki.

Pikipiki haikuwepo uani, lakini mawe yalikuwepo, na kwa Florent ilikuwa kitu kilekile. Gentil, mjenzi aliyekuwa akiinua nyumba karibu na ziwa, alikuwa anatafuta mawe magumu ya msingi, na alimwambia Florent waziwazi kwamba akimpatia lori lililojaa, atamwachia pikipiki yake. Florent alikuwa mjanja wa miguu tangu ujana wake. Aliamini kwamba siku atakapokuwa na pikipiki, ujanja wake nao utapanda cheo.

Basi akabisha hodi, akakaribishwa, akasikiliza. Binti wa nyumba, Exaucée, alikuwa anatolewa mahari Jumamosi mchana. Wakwe walikuwa wakulima wa Butembo, watu waliozoea vilima vya kijani, na Papa Munguakonkwa alikwisha kujigamba kwenye simu kwamba atawapokea bustanini. Ukumbi wa sherehe hakutaka kuusikia, maana alikuwa mkono wa birika, na watu wa mtaa walilijua hilo kuliko walivyojua jina lake la ubatizo.

Hapo Florent akamvisha kilemba cha ukoka, jambo lililofaa kabisa mahali pasipo na jani. Akausifu ukuta, akaisifu pajama. Kisha akagonga jiwe kwa ufunguo, akatega sikio kama daktari, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Papa, hii mawe iko mugonjwa," alisema. "Hakuna mason atakubali kujenga nayo. Lakini kwa sababu ni weye, mi nitaibeba yote na kuitupa kule Mugunga. Bure."

Mtu aliyekulia Goma angemcheka. Lakini Papa Munguakonkwa alitoka Bukavu, kwenye udongo mwekundu, na maisha yake yote alikuwa amejaza makaratasi ya forodha kule Bunagana. Mawe hakuyajua. Neno "bure" alilijua vizuri sana. Akauliza tu nani atayavunja.

"Salongo," alisema Florent.

Salongo ndiyo kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, maduka yakifungwa na kila nyumba ikitoa mtu na chombo. Asiyetoka hutozwa faini, ndiyo maana watu hutoka kwanza na kuuliza baadaye, kama wakikumbuka kuuliza. Kwa haki, anayetangaza salongo ni chef wa avenue, mkuu wa nyumba zote za barabara moja, na chef wa avenue hiyo alikuwa Mama Apolline, muuza maharage. Lakini Florent alikwisha kupeleleza: kila mwisho wa juma mama huyo huwa Bunagana, akingojea magunia yake yavuke mpaka. Papa Munguakonkwa alicheka mpaka akakohoa. Yeye na Mama Apolline hawakuwa wakipatana. Mara mbili mama alimwomba mawe ya kuziba bonde lililoikata barabara kuanzia mbele ya lango lake hadi mwisho wa avenue, ambalo wanawake wenye madumu ya maji huanguka humo, na ambalo lilimwachia yeye mwenyewe goti bovu. Mara mbili alijibiwa kwamba mawe ya parcelle, ya kiwanja cha mtu, si mawe ya barabara.

Ijumaa jioni Florent akapita na kipaza sauti. Kesho, alisema, salongo itakuwa kwa Papa Munguakonkwa, ambapo panatengenezwa jardin, yaani bustani, ya avenue yote, na kila nyumba ilete nyundo, beseni la udongo na fungu la majani. Watu walinung'unika. Udongo Goma si kitu cha kugawa ovyo. Kuna walioubeba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka Sake, gunia kwa gunia, ili wapande vitunguu viwili vitatu. Lakini faini ni faini, na neno "jardin" lilikuwa na utamu wake.

Asubuhi avenue nzima ilikuwa imejaa uani. Papa Munguakonkwa alitoka amevaa suruali ya suti, akajifanya anashangaa. Florent alikuwa juu ya kilima cha lava akionyesha kwa kidole nani apige wapi, na roho yake ilikuwa tayari imepanda pikipiki. Ndipo watu wakapisha njia, na akaingia Mama Apolline, akichechemea. Magunia yake yalikuwa yamevuka mapema.

Mwingine angepiga kelele. Mama Apolline alitazama nyundo, akatazama mabeseni, akatazama lava, mwisho akatazama viatu vya Florent. Alielewa yote, na akaona kwamba itakuwa hasara kubwa kuiharibu kazi iliyoanza vizuri namna ile.

"Bwana, jardin hii itakuwa ya nani?" aliuliza kwa upole.

Florent alitazama huku na huku. Kila mtu alikuwa amesimamisha nyundo ili asikie jibu, na nyundo zilikuwa nyingi.

"Ya avenue yote, mama chef."

"Na mawe?"

"Mawe pia."

"Papa Munguakonkwa, umesikia?"

Papa Munguakonkwa alikuwa amesikia hadi kwenye mifupa. Lakini akikataa, watu wataondoka na udongo wao, na wakwe walikwisha kupiga simu kwamba wako njiani.

"Nimesikia, mama chef," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Aksanti. Basi mwenye kutangaza atashika nyundo ya kwanza."

Akampa nyundo kubwa kuliko zote. Florent alipiga jiwe la kwanza kistaarabu, la pili kwa hasira, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuwa msimamizi. Mama Apolline akapanga watu mstari kutoka uani hadi barabarani, na mawe yakaanza kupita mkono kwa mkono, yakatoka langoni, yakashuka ndani ya lile bonde. Kila jiwe lililopita mikononi mwake, Florent aliliaga: hili taa ya mbele, hili breki, hili kiti. Soli ya kiatu cha kushoto ilifunguka mdomo. Nje, vijana walishindilia kokoto juu ya mawe mpaka barabara ikalala sawa.

Uani nako maajabu yalitokea. Udongo wa kila nyumba ulimwagwa na kusawazishwa, majani yakapandwa fungu kwa fungu, maua yakaletwa ndani ya makopo ya maziwa, na lava iliyobaki ikawekwa ukingoni kama mkufu mweusi. Palipendeza. Florent alijisikia fahari, na fahari hiyo ilimuudhi.

Saa ya salongo ilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Wangeondokaje? Walikuwa kwenye bustani yao. Watu wakanawa, wakaleta viti vya plastiki, wakakaa, na gari la wakwe liliposimama mlangoni, mjomba wa Kambere, kijana aliyekuwa anamwoa Exaucée, alikuta avenue nzima ikimsubiri kwa nyimbo. Aliinama, akafinya udongo kwa vidole, akauliza ulitoka wapi. Akaambiwa kila jirani alileta wake. Mzee wa watu aliguswa sana. Akasema kwao Butembo mtu anayeletewa udongo na jirani zake ni mtu wa kuheshimiwa, na mbuzi hawatakuwa wachache.

Papa Munguakonkwa alitabasamu, kisha akawatazama watu wote waliokaa, akaelewa kwamba mtu wa kuheshimiwa hawezi kulisha wakwe na kuwaacha jirani wanatazama. Akamwendea Mama Apolline pembeni. Yale magunia ya Bunagana, aliuliza, yameshauzwa?

"Bado, papa," alisema Mama Apolline. "Nilikuwa nakungojea weye."

Hakumpunguzia. Siku hiyo Papa Munguakonkwa alilipa karibu bei ya ukumbi mzima, kwa maharage.

Florent alikuwa amekaa nje ya lango, viatu mkononi, Gentil alipofika juu ya pikipiki na lori nyuma yake. Alishuka akiwa na furaha. Alisema avenue hii zamani ilikuwa inamvunja mgongo, lakini leo ameteleza kama yuko kwenye lami.

"Haya, mawe yangu iko wapi?"

Florent hakuinua kichwa. "Uko juu yake," alisema.

Gentil aliangalia chini, akaigonga barabara kwa kiatu mara mbili, akasikia ugumu wake. Alicheka kwa muda mrefu, akasema ni mawe mazuri kweli, akawasha pikipiki na kugeuza. Lori likamfuata.

Kutoka uani zilisikika nyimbo, na harufu ya maharage ilikuwa nzuri, lakini Florent hakuwa na uso wa kurudi ndani. Akasimama, viatu kwapani, akaondoka peku, taratibu kama kawaida yake, jiwe kwa jiwe, juu ya pikipiki yake hadi mwisho wa avenue.