Uzinduzi wa Maabara ya Inzi, Sekondari ya Nang'alembe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa unayemshikia Makamu mwavuli, masheikh wetu, mapadri wetu, mkuu wa shule, walimu, wageni mliofunga safari kutoka Masasi na Newala, wazazi mlioacha korosho zenu chini ya miti mkijua fika kuwa zitaokotwa na wengine, wanafunzi, na wewe mjomba wangu mpendwa uliyeketi kwenye kochi, itifaki imezingatiwa. Ambao sikuwataja, nimewataja moyoni. (Makofi.)

Mimi, Alfredi Nandonde, Mratibu wa Kanda wa Mpango Mkakati wa Inzi Endelevu, nimesimama hapa kifua mbele kuzindua maabara ya kwanza ya kufuga inzi katika uwanda huu wote wa Makonde. Ndiyo, inzi! Nawasikia mnavyocheka huko nyuma. Chekeni tu. Sisemi hawa wa chooni, nasema wale wadogo wanaojaa kwenye mabibo yakianza kuchacha, ambao kila msimu mnawafukuza kwa kiganja bila kujua kuwa mnaifukuza sayansi. Inzi huyu, kwa mujibu wa wataalamu ambao sikupata nafasi ya kuwasikiliza hadi mwisho, huzaana upesi mno, hivyo mwanafunzi anamwona babu, binti na mjukuu kabla muhula haujaisha, na hapo ndipo anapojifunza jenetiki, yaani elimu ya nani kamrithi nani, na kamrithi nini.

Tafiti zetu za awali, tulizozifanya garini tukiwa njiani kuja, zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wanafunzi wataielewa jenetiki katika feizi ya kwanza, na asilimia kumi na mbili watakaobaki wataielewa katika feizi ya pili. (Makofi. Mwalimu wa hisabati anakohoa.)

Sasa yupo binti hapa wa kidato cha sita, Dorika. Simama mwanangu, stekiholda wakuone. Haya, kaa. Binti huyu na mwalimu wake wa baiolojia, Mwalimu Veridiana, bila kusubiri mchakato, walianza kufuga inzi kwenye chupa za jamu, kwa ndizi mbivu. Mwalimu alikwenda chuo kikuu akaomba inzi wenye macho meupe, maana hawa wetu macho yao ni mekundu, akawapakata ndani ya basi mpaka hapa kama mtoto mchanga. Dorika akawaozesha hao wageni na wenyeji wa mabibo. Alitaka kujua jambo moja: huku kwetu tunasema mtoto humfuata mjomba, je, macho meupe ya mjomba yatatokea kwa mpwa? Jibu angelipeleka mwezi ujao kwenye maonyesho ya wanasayansi chipukizi, na huko mshindi anasomeshwa chuo bure. Mama yake, yule pale mwenye kitenge cha njano, keshawatangazia wote sokoni kuwa mwanawe anakwenda.

Mimi jibu ninalo, tena bila chupa. Mpwa humfuata mjomba kabisa! Cheo hiki alikuwa nacho mjomba wangu huyu, akastaafu Ijumaa, Jumatatu nikaripoti mimi. Mnataka jenetiki gani tena? (Mjomba anapunga mkono. Makofi, ya kwenye makochi tu.)

Sasa nije kwenye changamoto, maana sisi serikalini hatuna matatizo. Mgeni rasmi kama mimi akija, mazingira huandaliwa. Barabara humwagiwa maji, haya haya mnayoyatafuta kwa madumu, mawe hupakwa chokaa, na Bwana Afya wetu, Ndugu Vitalis, aliona si adabu hata kidogo inzi kutua kwenye pilau ya mgeni rasmi. Kwa hiyo jana, kwa uzalendo wake, akabeba mashine ya kupulizia mikorosho, akaijaza dawa ya wadudu, akapita darasa kwa darasa, jikoni, ofisini, mpaka ndani ya makabati. Dawa imefanya kazi! Leo tunazindua maabara ya inzi katika shule isiyo na inzi hata mmoja. Hata wale wa kwenye chupa za Dorika, wote wamelala chali. Mpigieni makofi Bwana Afya. (Wazazi wanaguna.)

Mama Dorika amenikamata pale getini, akaniuliza, "Baba, hivi mna akili nyie?" Mama, swali lako limepokelewa na litafanyiwa kazi. Na wewe binti, naona unalia. Waandishi, pigeni picha haraka! Hayo ndiyo machozi ya furaha ya mnufaika.

Ala! Nini hiki kwenye glasi yangu ya juisi? Unasemaje, Mwalimu? Nisiguse? (Mwalimu Veridiana anasogea na kioo cha kukuzia, Dorika nyuma yake.) Eti ana macho meupe. Eti ni jike, tumbo limejaa mayai, na huyu mmoja tu anatosha kuanza ukoo upya. Eti nifunike glasi kwa kiganja, taratibu. Na binti amepiga magoti: "Shikamoo, baba. Mfunike tu, nakuomba!" Marahaba, mwanangu. Adabu kama hiyo ndiyo tunayoitaka kwa vijana. Lakini mimi ni kiongozi wa vitendo. (Paa! Kwa hotuba iliyokunjwa.) Nimempata! (Dorika anapiga yowe.) Basi, basi, msinishangilie, ni wajibu wangu.

Inzi Endelevu! Itikieni, hoyee! Jenetiki kwa Wote! (Mjomba, peke yake: "Hoyee!")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili kwa fulana, Bwana Afya kwa usafi, na fundi kwa mlango ule mzuri wenye utepe, ambao nitaukata sasa hivi. Wazazi, nawaomba msiusukume mlango, wala msizunguke nyuma kutafuta jengo. Nyuma yake kuna mikorosho, kama ilivyokuwa mjomba alipouzindua mlango huu huu enzi zake. Na asante sana wewe Dorika, maana maabara pekee iliyowahi kuwapo hapa ilikuwa zile chupa zako, na tumeshaisafisha. Karibuni chakula. Pilau haina inzi.