Soseji ya Ukuta wa Mbali

Jumatatu, 12 Februari

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Krismasi sijakuandikia neno. Nilikuwa sina adui wa kutosha. Leo ninaye.

Kocha Kauko amenifedhehesha mbele ya timu nzima ya maveterani wa hoki ya barafuni. Amesema najibanza langoni kama paka nyuma ya jiko, nikiwaachia washambuliaji pembe zote mbili. Kipa husogea mbele, akasema, husimama kati ya lango na kile kisahani kipigwacho kwa magongo, mpigaji asione wavu bali tumbo. Kisha akamsifu kipa mwenzangu, Ilpo. Ilpo! Fundi wa mabomba mwenye tumbo la kuziba mlango wa ghala. Jumamosi tunacheza na Kivilampi, anakochezea shemeji yangu Taneli. Nikikaa benchi, atanicheka mpaka kaburini.

Jumanne, 13 Februari

Nimempeleleza Ilpo nikiwa jukwaani. Siri nimeipata! Kabla ya kila shambulio huinua macho kwenye ukuta wa mbali, penye tangazo la soseji. Soseji hiyo inaelekeana na katikati ya lango. Anayeifuata hapotei.

Ilipofika zamu yangu nikaifuata. Nikadaka karibu kila kitu! Kauko akashangaa: "Kumbe mzee unaweza!" Hata hivyo amemchagua Ilpo. Haki imekufa Finland.

Jumatano, 14 Februari

Nimemwendea Hilkka, mtunzaji wa uwanja. Nimemwambia kwamba mwenye bucha analalamika, tangazo lake limefichwa na nguzo. Akapanda ngazi, akalisogeza hatua moja kushoto. Nilimshikia ngazi. Sijawahi kushika kitu kwa furaha namna ile.

Alhamisi, 15 Februari

Supu ya njegere, kisha mazoezi. Ilpo amedaka kama kawaida! Nikamuuliza, kwa upole, hujipangaje. Akasema hupapasa milingoti ya lango kwa gongo lake, basi. Na soseji? "Aa, ile naitazama kwa njaa tu, bwana. Mke wangu kanipiga marufuku nyama."

Wote wakacheka. Sikuona kichekesho.

Ijumaa, 16 Februari

Mungu hamtupi mja wake! Ilpo ameteleza kwenye ngazi za sauna. Goti limevimba kama mkate. Kesho nadaka mimi. Nitasimama hatua moja kulia kwa soseji. Katika mji huu wote, ni mimi peke yangu nijuaye lango lilipo.

Jumamosi, 17 Februari

Kipindi cha kwanza, mabao saba. Yote yamepita kushoto kwangu, palipokuwa wazi kama mlango wa zizi. Manne ni ya Taneli. Kila alipofunga aliniuliza: "Shemeji, lango liko huku. Huko unamlinda nani?"

Kauko akanitoa. Ilpo akaingia akichechemea. Hakufungwa hata moja.

Hilkka akaniletea kahawa benchini. Akanieleza kwamba jana alimuuliza mwenye bucha, naye hakuwa na malalamiko yoyote. Basi akalirudisha tangazo mahali pake. Alidhani nitafurahi! Mwanamke huyu haaminiki.

Jumapili, 18 Februari

Aune, mke wangu, ametumia asubuhi nzima kwenye simu na kaka yake Taneli. Wanacheka. Kauko anafikiri kama nibaki kikosini au nigawe kahawa. Akishaamua, nitaandika.

Kosa ni la Hilkka. Lakini nimekumbuka jambo: Ilpo huitazama pia saa ya ukutani.

Nimeazima ngazi.