Hamira ya Daktari Konaté na Saladi za Nanténin

Jumatatu, 4 Mei

Itangazwe Bamako nzima: mimi, Zoumana Coulibaly, mume wa mtia rangi nguo, leo nimekabidhiwa pipa! Daktari Sira Konaté wa chuo kikuu amemimina hamira yake kwenye maji yetu machafu. Hamira ya mkate hufa kwa chumvi tunayotilia rangi. Hii haijali, inaila rangi pamoja na sumu yake. Siku tano, maji safi. Kisha hayataunguza tena bustani ya jirani yetu Nanténin, mjane anayeishi kwa kuuza saladi. Kazi yangu kukoroga tu. Daktari kasema hata mla kunde ataiweza. Sisi akina Coulibaly ni watani wa akina Konaté. Hatusalimiani bila matusi, na tusi lao kwetu ni hilo la kunde.

Jumanne, 5 Mei

Nimekoroga. Zambarau.

Jumatano, 6 Mei

Zambarau, ingawa imefifia kidogo, ukiwa na imani. Mke wangu Assitan kauliza aliyelala ni hamira au mimi. Nanténin kapita, kanishukuru mapema. Mapema! Ningevumiliaje? Nimetia klorini ya kufulia. Chupa tatu.

Alhamisi, 7 Mei

Maji kama ya kisima! Nimeita mtaa mzima. Nimemwagilia bustani kwa mkono wangu, ndoo kumi na mbili, nikieleza tabia za hamira kana kwamba nimeizaa mimi. Nanténin kaniombea dua, mimi na wanangu wote.

Ijumaa, 8 Mei

Saladi zimekuwa nyeupe. Zimelala chini, matuta yote.  Nanténin alikaa ukingoni kashika jani moja. Daktari kaja mbio, kapiga magoti mbele yake, kaomba radhi: hamira yake ndiyo iliyomharibia. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya watu, si hamira, ni mimi, nimetia klorini.

Daktari akacheka huku akifuta machozi. "Wee mla kunde! Hata kosa la mwenzio unataka kuliiba?"

Mtaa ukaangua kicheko. Hata Nanténin. Nami nikacheka kuwashinda wote.

Jumamosi, 9 Mei

Ukweli ni huu. Ningeweza kurudia bila kucheka. Ningeweza kuonyesha chupa. Ziko chini ya kitanda. Sikufanya hivyo. Watu walikuwa wananipiga begani, wanasema nimemfariji mama wa watu kwa utani mzuri. Leo Daktari kamwaga hamira yake yote.

Nanténin kapanda upya. Kasema wiki sita. Wiki sita! Nimemnunulia mbolea. Pakiti inasema kijiko kimoja kwa ndoo. Nimetia kopo.