Boga la Mistari Mitatu

Jumatatu, 4 Mei

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi: usilisome kwa sauti, usimwonyeshe mtu, na ukimaliza usahau. Hasa asijue yeyote wa ofisi ya wilaya. Likivuja neno moja tu, nimekwisha.

Jambo lenyewe. Nafasi ya karani wa kudumu ni moja. Tulio kwenye majaribio ni wawili: mimi, Motlalepula, mwenye diploma ya Maseru na mwandiko ulionyooka, na Ausi Puseletso, dada mwenye mdomo. Mama mkuu wetu, 'M'e 'Malerato, atatangaza jina Ijumaa, kwenye chakula cha ofisi cha kufunga mavuno. Kila mtu huleta sahani yake.

Leo kikaoni 'M'e 'Malerato alitazama dirishani akasema tangu mama yake afariki hajala boga la kuoka likampendeza. Wenzangu waliguna kwa heshima. Mimi niliandika.

Puseletso ataleta saladi ya bitiruti. Nilimhurumia.

Jumanne, 5 Mei

Jaribio la kwanza. Boga la sokoni lilikataa kukatika. Kisu kiliingia nusu, kikagoma kutoka. Mwenye nyumba wangu, bibi mzee Nkhono 'Mamosa, alisimama mlangoni na blanketi lake mabegani, akaniuliza kama nalikata au nalisalimia. Akalichukua, akalibwaga kwenye kizingiti cha jiwe. Vipande vitano. Akaniuliza huko Maseru tulikuwa tunasomea nini hasa.

Siagi, sukari, mdalasini, oveni. Lilitoka linaogelea. Nkhono alionja ncha ya kijiko, akasema supu nzuri, imekosa chumvi tu.

Kisha alinifundisha. Boga haliliwi likitoka shambani. Hulazwa juu ya paa wiki nyingi, lipigwe na jua mchana na sakitu usiku. Maji hutoka, utamu hubaki. Akaongeza kwamba makarani nao ni vivyo hivyo, wakiwa wabichi hutoa maji tu. Niliandika ile sehemu ya kwanza.

Baadaye nilitoka nje nikainua macho. Juu ya bati lake yamelala maboga kumi na moja, ya kijivu, mazito, yametulia kama wazee wa baraza. Nimeishi chini yake miezi mitano bila kuyaona. Sasa siwezi kuona kingine.

Jumatano, 6 Mei

Puseletso aliniuliza ninaleta nini Ijumaa. Nilisema wali. Akasema, "Abuti, kaka yangu, wali wako tunaujua. Tutakuja na visu." Ofisi nzima ilicheka. Nilicheka pia, ili nisishukiwe.

Jioni nililichunguza paa kwa utulivu, nikijifanya naanika soksi. Maboga kumi ni ya kawaida. La kumi na moja, karibu na bomba la moshi, lina mistari mitatu kwenye ganda, imevimba kama kovu la zamani. Mistari naijua. Mwezi mzima nimeorodhesha marobota ya sufu, na robota la mistari mitatu ni daraja la kwanza. Kumbe hata Nkhono hupanga mali yake kwa madaraja. Nilifurahi kuona utaratibu mzuri umefika hadi mapaani.

Niombe? Nimelifikiria kwa makini. Nikiomba, Nkhono atauliza la nini. Nikimwambia, atawaambia akina mama wa kanisa. Akina mama watamwambia Puseletso. Mtu mwangalifu haombi. Nami si mwizi: nitaweka lingine la sokoni pale pale, na kulichora mistari mitatu kwa msumari. Hesabu ya paa itabaki kumi na moja.

Alhamisi, 7 Mei

Alhamisi akina mama wote huenda kwenye sala yao. Nkhono aliondoka saa nane na blauzi yake nyekundu ya kanisa. Mimi niliacha koti langu kwenye kiti cha ofisi, ili anayenitafuta aone nipo, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Ngazi ilitikisika. Mbwa wa jirani alinitazama muda wote bila kubweka, jambo baya kuliko kubweka. Nililishusha boga nikilikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikaacha la sokoni mahali pake.

Na sasa naandika ukweli: nimeoka boga ambalo wilaya hii haijapata kuliona. Nyama yake ni nyekundu kama udongo wa barabara. Vipande vinene, ganda chini. Siagi, sukari kidogo tu, mdalasini, punje ya chumvi. Saa nzima ovenini. Halikutoka hata tone la maji. Kingo ziliiva hadi zikawa nyeusi na kung'aa. Nilionja kipande kimoja nikalazimika kukaa chini.

Mbegu pia sikuzipoteza. Nilizikaanga kwa chumvi, bakuli zima la kupeleka kesho. Utumbo wa boga niliwatupia nguruwe wa Ntate Sekhonyana, jirani yetu. Mtu mwenye mpango hatupi kitu ovyo.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika nimejifungia.

'M'e 'Malerato alikula kipande kimoja, akafumba macho. Akala cha pili. Akaomba cha tatu. Narudia: akaomba. Kisha akajifuta macho kwa pembe ya blanketi, akasema hili ni boga la mama yake. Nilishukuru kwa sifa. Akasema hanisifu. Hasemi linafanana, anasema ndilo. Nimelitoa wapi?

Nilisema sokoni.

'M'e 'Malerato alieleza polepole, kama mtu anayesoma hati ya mahakama. Mama yake alikuja na mbegu hizo alipoolewa. Siku hizi huzaa moja tu kwa mwaka, na huhifadhiwa na shangazi yake. Shangazi yake ni Nkhono 'Mamosa. Boga la mbegu huchorwa mistari mitatu kwa ukucha likiwa dogo kama ngumi, ili mtu yeyote mwenye akili asilipike kabla mbegu hazijatolewa. Mtoto wa miaka minne anajua.

Hapo Puseletso, mdomo umejaa, akauliza basi hizi anazotafuna ni nini.

Bakuli lilikuwa tupu. Alitema mbili kwenye kiganja. Zilikuwa za kukaanga.

Kazi amepewa Puseletso. Hotuba ilikuwa fupi.

Lakini mkuu aliomba cha tatu. Hilo halifutiki.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekuta boga la sokoni kitandani kwangu, mistari ya msumari ikitazama juu. Nkhono yuko nje anafagia ua. Afadhali angenitukana.

Alfajiri niliingia zizini kwa Ntate Sekhonyana. Aliuliza nimepoteza nini. Nikasema mustakabali wangu. Akasema angalia chini ya yule jike, ndiye mwenye tamaa. Nilichakura kwa mikono hadi saa nne. Mbegu saba zilizobaki kwenye utumbo wa boga, mbichi, nzima. Niliziosha mara sita, nikazipeleka kwa 'M'e 'Malerato kwenye bahasha ya serikali.

Alizihesabu mara mbili. Alinusa bahasha, akaiweka mbali. Kisha akanirudishia mbegu, akasema majaribio yangu yanaendelea. Nitahamia ofisi ndogo ya kijiji cha mama yake, nizipande Oktoba kwa mkono wangu. Zikizaa, na boga likiwa lile lile, atafikiria upya kuhusu mimi. Nkhono atakuja kila mwezi kukagua.

Jumapili, 10 Mei

Nafunga mizigo. Nimelala nikilifikiria na nimeamka nimeelewa: katika makarani wote wa wilaya, urithi wa familia ya mkuu wetu nimekabidhiwa mimi. Puseletso amepewa meza tu.

Ila saba ni chache. Kuna ndege, kuna mvua ya mawe, kuna panya. Mtu mwangalifu huweka akiba. Kwa hiyo jana jioni nilipita dukani nikanunua pakiti ya mbegu za boga, yenye picha nzuri sana, nikazichanganya na zile saba kwenye kopo moja. Sasa ni ishirini na tano. Hata mimi siwezi kuzitofautisha, basi nani ataweza? Sikumuuliza mtu. Nitazipanda shimo moja moja, karibu karibu.

Ukitaka kunifikia, njoo kijiji hicho, Ha Lekoatsa. Panda gari la mwisho la mchana hadi barabara ya lami inapokwisha, kisha tembea na mto mkono wa kushoto. Nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Zunguka nyuma. Gonga mara mbili, ngoja, gonga mara moja. Usitaje mbegu wala ofisi. Na akifungua Nkhono, sema umepotea njia.