Mota Nane za Kwenye Fomu

Jumatatu, 4 Mei

Zimebaki siku tano. Mashindano ya roboti ni Jumamosi, na roboti yetu ina mota tatu: mbili za magurudumu, moja ya mkono. Inatembea. Inageuka. Ikifika kwenye kilima cha mbao inainua pua na kuanguka chali kama mende. Injinia, nahodha wa klabu, msichana wa miaka kumi na sita asiyecheka ovyo, anasema mbele ni kwepesi mno. Nikamwambia asiwe na shaka, mwalimu wake yupo. Akanitazama kama mtu aliyeanika nguo anavyotazama mawingu.

Mchana mwalimu mkuu akaniita. Nikamkuta mwalimu wa kwaya ameshakalia kiti kizuri. Habari yenyewe: chumba chetu, ile stoo ya zamani nyuma ya maktaba, kinatakiwa na kwaya. Tukifuzu kuingia raundi ya pili, tunabaki. Tusipofuzu, meza zetu zinatoka Jumatatu ijayo. Mwalimu wa kwaya akasema kwa upole kwamba stoo ile ina mwangwi mzuri sana, ameshaujaribu. Ameujaribu lini? Ufunguo ninao mimi.

Jumanne, 5 Mei

Barua ya waandaaji. Wanatukumbusha kwamba kila roboti italinganishwa na fomu iliyojazwa. Kilichoandikwa kiwepo, kisichoandikwa kisiwepo, na atakayekiuka ataondolewa mashindanoni. Nakala ya fomu yetu wameiambatisha, na inasema mota nane.

Nikakaa chini. Fomu ile niliijaza mimi. Iliuliza idadi ya mota, nikadhani wanauliza tunahitaji ngapi watuletee. Miaka ishirini na miwili ya ualimu imenifundisha kwamba ukitaka chaki nne, omba kumi. Nilitaka mota nne. Nikaandika nane, tena nikajiona mtu wa kiasi.

Muda wa kusahihisha fomu uliisha Ijumaa iliyopita, wakati mimi nazingoja mota posta.

Sijawaambia wanafunzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Ila aliyesema hayo hakuwahi kusimama mbele ya Injinia. Nitatafuta mota tano kimyakimya.

Jumatano, 6 Mei

Jana jioni nilifika nyumbani nikakuta mashine ya kusagia viungo imefungiwa kabatini. Sikuwa nimesema neno. Mke wangu akasema hana ubaya na mtu, ila ameishi na mimi miaka kumi na tisa.

Leo baada ya vipindi nikaenda kwa fundi redio. Ana katoni nzima ya mota za redio kaseti. Akasema haziuzi, lakini kama nitamkalia dukani saa moja akamwone mgonjwa, tutaelewana. Kazi rahisi kwa mwalimu wa fizikia.

Akaja bibi mmoja na redio inayokwaruza. Ningemwambia asubiri. Nikaifungua. Sasa haikwaruzi. Haifanyi kitu kingine chochote pia. Bibi akaniuliza kama mimi ndiye fundi au ndiye mgonjwa fundi aliyekwenda kumwona.

Fundi aliporudi alinipa mota tano bila masharti, mradi niondoke.

Nimezijaribu zote. Zimekufa, hata moja haizunguki. Lakini nikizibandika kwenye roboti, zitahesabika.

Alhamisi, 7 Mei

Wakati wa mapumziko nikajifungia stoo na gundi. Mota moja nikaibandika ubavuni, moja chini, moja ikanaswa kwenye shati langu. Hapo ndipo Injinia akaingia na wenzake. Nikasema ninaimarisha fremu. Alikuwa anaisoma barua ya waandaaji, niliyoiacha wazi mezani pamoja na fomu.

Akaniuliza hizi nane ni za nani.

Nikasema yote, tangu chaki. Kijana wetu wa nyaya akasema klabu nzima inafanya kazi na mota tatu, kumbe kwenye makaratasi ni matajiri. Wakacheka wote isipokuwa Injinia, ambaye aliomba vitu viwili: mizani ya maabara, na mimi nikae bila kugusa kitu.

Nikakaa. Akazipima mota, akakokotoa, akazipanga zote tano mbele ya roboti, safu moja kama meno. Kanuni zinataka ziwepo, akasema, hazijasema zizunguke.

Roboti ikapanda kilima. Pua haikuinuka. Nilitaka kupiga makofi, lakini mkono mmoja ulikuwa umeziba tundu la shati, pale ilipobanduliwa mota.

Tatizo jipya: sasa inakwenda kama bibi harusi. Mzunguko mzima ni dakika tatu na sekunde ishirini. Zinaruhusiwa tatu.

Ijumaa, 8 Mei

Nikajipa kazi ya kushika saa. Kuwatia moyo, nikawa nachelewa kidogo kuibonyeza roboti inapoanza. Wakaanza kushangilia: dakika mbili na sekunde hamsini! Wakataka kufunga vifaa waende nyumbani. Injinia akaniomba saa, akaishika mwenyewe. Tatu na kumi na nne.

Nikaambiwa nikanunue maji ya kunywa. Nikaenda, kwa hiari yangu.

Niliporudi walikuwa wamebadili njia: badala ya kulizunguka boksi la pili kati ya yanayowekwa njiani kama vizuizi, roboti inalisukuma. Mbili na hamsini na saba. Nikauliza kama wanahitaji ushauri. Wakasema maji yanatosha.

Jumamosi, 9 Mei

Mkaguzi akazihesabu mota kwa kidole. Nane. Akauliza tano za mbele zinafanya kazi gani. Nikafungua kinywa. Injinia akanikanyaga mguu, akamjibu kwamba ni uzito tu, hazizunguki. Mkaguzi akaandika, akapita. Hotuba niliyoitunga kwa siku nne haikuhitajika.

Mwalimu wa kwaya alikuja kutuunga mkono, mfukoni ana futi ya fundi cherehani. Nilijifanya sijaiona.

Roboti kumi na moja zilianguka kilimani. Yetu ikapanda, ikasukuma, ikafika. Dakika mbili, sekunde hamsini na nane. Nafasi ya saba, na wanaofuzu ni wanane. Injinia akacheka. Sikujua ana mwanya.

Jumatatu, 11 Mei

Mwalimu mkuu ameniita. Chumba ni chetu. Kisha akasema kamati ya wazazi inaweza kununua kitu kimoja: mota mpya za klabu au kinanda cha umeme cha kwaya. Akauliza tu, tuna mota ngapi nzima.

Mwalimu wa kwaya alikuwa pale pale kwenye kiti kizuri, anatabasamu. Ningesema tatu, kabla ya kengele walimu wote wangejua habari ya fomu.

Nikasema nane. Zote mpya kabisa, nikaongeza, bila kuulizwa.

Mwalimu mkuu alinipongeza kwa kutunza mali ya shule. Kinanda kinaletwa Alhamisi.

Injinia bado hajui. Raundi ya pili ni baada ya wiki tatu, na mota ya mkono imeanza kunuka moshi. Sikati tamaa. Chombo kikubwa kama kinanda cha umeme hakiwezi kukosa mota ndani, hata mbili. Nimemwomba mwalimu wa kwaya anipokee kwenye sauti ya nne. Amefurahi sana.

Mazoezi ni Alhamisi saa kumi. Nitakwenda na bisibisi.